Walipofunika Kombe: Mwongozo Kamili kwa Uliyefanyiwa Mchezo Mbaya Utotoni, Familia na Kanisa Wakanyamaza

Naandika kwa ajili ya mtu mmoja, yule ambaye sahivi ana miaka ishirini na kitu, au arobaini, au hata sitini, alifanyiwa mchezo mbaya, yaani ukatili wa kingono, akiwa mtoto, akasema, au hakusema ila watu walijua, alafu wakubwa wakakaa kikao sebuleni wakaomba, wakasema Amina, na kesho yake watu wakaamka wakanywa chai kama hakuna kitu.

Mimi ni huyo mtu. Ilianza nikiwa na miaka 8 ikaisha nina 11. Aliyekuwa ananifanyia ni baba mdogo, tena ndio alikuwa mwalimu wa watoto kanisani kwetu. Nilipomwambia mama, alikuja mchungaji na wazee wawili wa kanisa, nikaitwa sebuleni, nikaulizwa mbele yake yeye mwenyewe kama nina uhakika na ninachosema, alafu nikaambiwa nimwombe msamaha kwa kumchafulia jina mtumishi wa Mungu. Nikaomba, na shikamoo nikampa. Miezi miwili baadae akahamishiwa tawi lingine, akaagwa kwa zawadi, na mama ndio alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kukusanya mchango wa zawadi.

Nilianza kupona nina miaka 29. Hiyo miaka 18 ya katikati nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu, waseme "ni kweli, ilitokea, tulikosea". Hawajasema mpaka leo. Kwahiyo kama kuna kitu kimoja utabeba hapa ni hiki, usiweke kupona kwako mikononi mwa watu walewale waliokuficha. Unaweza kuanza leo wao wakiwa bado wamenyamaza.

Sio lazima ufuate mpangilio huu wote, ila mbili za kwanza usiziruke.

Hatua ya 1: Kiite kwa jina lake

Nyumbani kwetu kile kitu kilikuwa na majina mengi ya kukipoza. "Lile jambo." "Yale ya zamani." Shangazi yangu mmoja alikuwa anasema "ule utoto wenu", kama vile mimi na mtu wa miaka 26 tulikuwa watoto wa rika moja. Ukikaa na majina hayo muda mrefu na wewe unaanza kuamini kwamba labda ulikuza, labda ulichanganya.

Sheria haina majina ya kupoza. Tanzania bara, kwenye Kanuni ya Adhabu, kuna kubaka, kulawiti, shambulio la aibu, kuna zinaa ya maharimu akiwa ndugu wa damu. Na msichana akiwa chini ya miaka 18 suala la alikubali au hakukubali halipo kabisa (ukiacha mke aliyeolewa, ambalo ni tatizo lingine la sheria zetu na leo siligusi). Mtoto hawezi kukubali. Nalirudia hili kwa sababu wengi wetu tunabeba lile swali la "mbona sikupiga kelele", "mbona nilipokea pipi", "mbona nilirudi tena kule chumbani". Ulirudi kwa sababu ulikuwa mtoto na yule ni mkubwa, ulifundishwa kumtii. Na kama mwili wako uliitikia kwa namna yoyote, huo ni mwili tu, ukiguswa unahisi, haimaanishi ulitaka. Wanaume wengi waliolawitiwa wakiwa wavulana wananyamaza kwa sababu ya hili peke yake.

Chukua karatasi uandike sentensi moja: "Nikiwa na miaka hii, fulani alinifanyia hivi, na mimi nilikuwa mtoto." Taja kitendo chenyewe. Mimi ilinichukua siku nne kumaliza sentensi moja, mkono ulikuwa unagoma. Ukishindwa leo acha, jaribu tena wiki ijayo. Karatasi ukiona hatari kuitunza ichane, kazi yake imeshaisha ukishaisoma kwa sauti peke yako.

Na usijione wa ajabu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walipitia ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hao ni watu unaopanda nao daladala. Na kama unajilaumu kwamba umechelewa kusema, Australia walifanya uchunguzi mkubwa wa serikali kuanzia 2013 hadi 2017 kuhusu watoto walioharibiwa ndani ya makanisa, shule na taasisi nyingine, wakakuta kwa wastani mtu anachukua karibu miaka 24 ndio anamwambia mtu. Miaka 24! Huko ni nchi yenye wanasaikolojia wengi tu.

Hatua ya 2: Elewa kombe lilivyofunikwa

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndio sehemu iliyonifungua macho. Kilichonitesa zaidi ukubwani sio vile vitendo vyenyewe, ni ule ukimya uliofuata. Nilikuwa najiuliza, kama mama yangu alijua na akaendelea kumpikia, basi mimi nina thamani gani? Nimekuja kuelewa kwamba kuficha ni kazi, ina sababu zake na njia zake, na ukizijua unaacha kudhani sababu ni wewe.

Ya kwanza ni tumbo na paa. Kwetu baba mdogo ndio alikuwa anasaidia ada, baba alikuwa anaumwa. Kumshtaki ilikuwa ni kufunga jiko. Sisemi ilikuwa sawa, nasema ndio hesabu waliyopiga, wakanitoa mimi.

Ya pili ni jina. Ukoo una mabinti wa kuolewa, kanisa lina waumini wa kutunza, na mchungaji aliyeanzisha kanisa lake mwenyewe chini ya turubai anajua akipoteza mwalimu wa watoto kwa kashfa kama hiyo wazazi wataondoka na watoto wao. Funika kombe mwanaharamu apite. Sasa kombe walilofunika nilikuwemo mimi ndani.

Ya tatu ni maneno ya dini yanayotumika kama kufuli. Utaambiwa "msiwaguse masihi wangu". Utaambiwa samehe saba mara sabini. Ukilia utaambiwa una roho ya uchungu. Na hii nimeikuta kwa wengi mno: mtoto anaota usiku kuna mtu juu yake, anashtuka anapiga kelele, wanasema ni jini mahaba. Mimi nilipelekwa kwenye maombi ya kufunguliwa siku tatu, nimefungishwa kula, nina miaka 13, wanakemea pepo wakati mtu mwenyewe wanamjua kwa jina. Kama na wewe uliambiwa una jini, jua kwamba ndoto za namna hiyo na kushtuka usiku ni dalili ya kawaida kabisa ya mtu aliyeumizwa.

Ya nne ni kuhamisha. Anahamishwa tawi, parokia, madrasa, au anapelekwa kwa ndugu mkoa mwingine "akapumzike". Kinachohamishwa hapo ni hatari, inaenda kwa watoto wa watu wengine. Kuna kesi moja ya Waanglikana inaonyesha hili mpaka unaumwa kichwa. John Smyth, mwanasheria wa Uingereza, alikuwa anawapiga vijana wa kambi za Kikristo vipigo vya kutisha miaka ya 70 na 80 mwanzoni. Mwaka 1982 viongozi wa zile kambi waliandikiwa ripoti inayoeleza kila kitu. Hawakwenda polisi. Mwaka 1984 Smyth akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine huku kwetu Afrika, akaendelea kupiga watoto, na mwaka 1992 kijana wa miaka 16 akakutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea kambini. Baadae akaenda Afrika Kusini, akafia Cape Town 2018 hajawahi kuhukumiwa. Ripoti ya uchunguzi ilipotoka Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury Justin Welby akatangaza kujiuzulu siku chache baadae kwa jinsi alivyolishughulikia. Miaka 42 toka ile ripoti ya kwanza. Kwahiyo mtu akikwambia "ni ushamba wetu huku uswahilini", hapana, wasomi wenye suti walifanya hivyohivyo.

Tena ni hadithi ya zamani. Samweli wa Pili sura ya 13, Tamari anabakwa na Amnoni, mtoto wa baba yake. Kaka yake Absalomu anamwambia anyamaze, yule ni ndugu yako, usilitie moyoni. Baba yao Daudi anakasirika sana na hafanyi kitu. Nimekulia kanisani toka naanza kutambaa na sijawahi kusikia hiyo sura inahubiriwa.

Kazi ya hatua hii: chora mistari minne kwenye karatasi. Alijua nani, alijua lini, alifanya nini, na wakati huo alikuwa na uwezo gani kweli. Hilo la mwisho ndio gumu. Bibi yangu alijua, alikuwa mgonjwa kitandani, uwezo wake ulikuwa kunilaza pembeni yake kila usiku na ndicho alichofanya, mimi nilikuwa nadhani ananipenda tu kumbe alikuwa ananilinda. Mchungaji alikuwa na uwezo wote. Mama yuko katikati na bado sijui nimuweke wapi, kila mwaka namhamisha.

Hatua ya 3: Mwili

Mwili unakumbuka hata ukisahau. Harufu ya mafuta fulani ya nywele, mlio wa kitasa, mtu akikushika bega kwa nyuma, ghafla uko kule. Moyo unaenda mbio, mikono inakufa ganzi, au unakuwa kama haupo kabisa unajiona kwa mbali. Fanya hivi: kanyaga chini kwa nguvu miguu yote miwili, ikiwezekana vua viatu. Toa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta, ukivuta kwa hesabu ya nne toa kwa sita. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, alafu sema tarehe ya leo na umri wako. "Leo ni Jumanne, nina miaka 34, niko kwangu, mlango nimefunga mimi." Shika kitu cha baridi, maji yanafaa. Inapita. Fanya mazoezi siku ambayo uko sawa ili siku mbaya ikikukuta mwili unajua njia.

Kapime. Virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B, na kama una maumivu ya nyonga au wakati wa haja yasiyoeleweka mwambie daktari. Wadada wengi tunakwepa kipimo cha mlango wa kizazi kwa sababu ya kile kitanda chenyewe. Sema mapema kabla hujalala: "Dada, nilifanyiwa kitu utotoni, naomba uniambie kila unachotaka kufanya kabla hujanigusa, na nikisema simama usimame." Nimesema hivyo kwa manesi watatu tofauti. Wawili waliniheshimu sana. Wa tatu alisonya, nikavaa nikaondoka, na hilo pia ni haki yako.

Pombe, kubeti, kulala na watu hovyo au kutotaka kabisa kuguswa hata na mume unayempenda, kula usiku wa manane, hayo yote ni njia mwili ulitafuta ili uishi. Usianze kwa kujichukia. Ila ukianza kuwaza kujiua usilale peke yako usiku huo, mpigie mtu aje au nenda hospitali yoyote yenye dharura useme hivyohivyo, "nawaza kujiua". Hiyo ni dharura kama ya mtu anayetoka damu.

Hatua ya 4: Mtu mmoja wa kumwambia

Mmoja. Usianze na familia, usianze na grupu, na kiongozi wako wa dini sio wa kwanza hata kama ni mwema, kwa sababu ana watu wa kuwajibika kwao.

Mpime kwanza. Mletee habari ya mtu mwingine, iliyotoka kwenye redio au mtaani, usikilize anasema nini. Akianza na "na hawa watoto wa sikuhizi", au "sasa kwanini aseme leo", umeshajua, mpigie stori ya mpira. Akinyamaza kidogo akasema "maskini, huyo mtoto yuko wapi sasa?", huyo anaweza.

Alafu mwambie unachotaka kabla ya kumwambia chenyewe: "Nataka nikuambie kitu kizito, sitaki ushauri leo, sitaki umwambie mtu, nataka usikie tu." Huna haja ya kueleza yote. Mimi nilimwambia rafiki yangu tuko kwenye foleni ya basi Ubungo, sentensi mbili, akanishika mkono, hatukupanda basi lile.

Hatua ya 5: Mtaalamu, na usiogope kwamba ni kitu cha wazungu

Ukiwa Tanzania pa kuanzia ni afisa ustawi wa jamii, wapo halmashauri na kwenye hospitali kubwa. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili, Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, na kwenda Mirembe haimaanishi umekuwa chizi, watu wanaenda kliniki wanarudi kazini. Kenya kuna namba 1195 ya ukatili wa kijinsia, na pale Nairobi Women's Hospital wana kitengo maalum cha manusura.

Muulize mtaalamu maswali kabla hujafunguka. Umeshasaidia waliofanyiwa ukatili utotoni? Unatumia njia gani? Nikikuambia kitu unamwambia nani? Akianza kikao kwa kukuambia usamehe wazazi, tafuta mwingine. Akikuombea bila kukuuliza, tafuta mwingine, maombi unayo nyumbani.

Kuna njia zimejaribiwa hapahapa kwetu. Moshi na Bungoma walichukua watu wa kawaida wasio madaktari wakawafundisha tiba ya mazungumzo kwa watoto waliofiwa na wazazi wakabaki na kiwewe, na sehemu nyingi walikofanya ilisaidia kweli. Nyingine ilijaribiwa kwa wakimbizi Uganda, unatandika kamba chini kama maisha yako toka kuzaliwa, unaweka ua mahali palipotokea jema na jiwe palipotokea baya, alafu taratibu, kikao kwa kikao, unasimulia jiwe mojamoja kwa mpangilio na mtu akikuandikia. Mimi nilifanya hii. Nilishangaa kwamba kwenye kamba yangu maua yalikuwepo, bibi alikuwa na maua manne peke yake. Ila usijaribu kusimulia mawe ukiwa peke yako chumbani, unaweza kuzama. Maua unaweza kuanza nayo leo.

Hatua ya 6: Angalia watoto waliopo sasa hivi

Hii haina kusubiri mpaka upone. Kama aliyekufanyia bado yuko hai na kuna watoto karibu yake, huenda wako hatarini leo, wakati mimi naandika na wewe unasoma.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Tanzania bara, kifungu cha 95, inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwenye serikali ya mtaa. Wajibu, sio hiari. Namba 116 ni ya bure, inapokea taarifa za watoto, ipo Tanzania, Kenya na Uganda. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vingi vya polisi, na mikoa mingine ina vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, ambapo polisi, daktari na ustawi wa jamii wanakaa sehemu moja, mtoto harudii hadithi mara tano.

Mtoto akikuambia leo: mwambie "nakuamini, sio kosa lako, asante kwa kuniambia". Usimhoji kama polisi, usimuite mtuhumiwa wakae pamoja kama walivyonifanyia mimi. Kama ni jambo la siku hizi usimuogeshe, usifue nguo, zifunge kwenye karatasi au khanga safi na sio mfuko wa plastiki, na wahi hospitali ndani ya saa 72 kwa sababu dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi baada ya hapo hazifanyi kazi. Fomu ya matibabu, PF3, chukua polisi, ukiwa Kenya ni P3. Na usipige simu kwanza kwa mkubwa wa ukoo. Ukipiga, kikao kitaitwa jioni na saa 72 zitaisha watu wako kwenye maombi.

Hatua ya 7: Sheria, kwa wewe wa zamani

Swali la kwanza kila mtu anauliza, muda si umepita? Makosa makubwa ya jinai kama kubaka hayaishi muda kama madai ya deni. Unaweza kufungua hata baada ya miaka 20. Ugumu ni ushahidi. Daktari hataona kitu, na mahakama itauliza kwanini hukusema mapema.

Kwahiyo jiandae. Andika maelezo yako kwa mpangilio wa miaka, ulisoma darasa gani, mliishi nyumba gani, nani alikuwepo, kikao kilikaa lini na nani walihudhuria. Andika waziwazi kwanini ulichelewa: ulikuwa mtoto, ulisema ukanyamazishwa, ulitegemea chakula chao. Kama ulisema wakati ule, yule uliyemwambia ni shahidi muhimu sana. Tunza mesej zozote za ndugu zinazokiri, hata za "tusamehe yaishe", piga skrinshoti utume kwa mtu unayemuamini maana simu inaibiwa.

Na usikatishwe tamaa na "hakuna aliyeona". Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inaruhusu mahakama kwenye makosa ya kingono kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake, ikijiridhisha kwamba anasema kweli, na Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Selemani Makumba ilisema ushahidi wa kweli wa kubakwa unatoka kwa aliyebakwa. Kenya nao wana kifungu kinachofanana, cha 124 kwenye Sheria yao ya Ushahidi. Adhabu sio ndogo, kumbaka msichana chini ya miaka 18 huku bara ni kuanzia miaka 30, akiwa chini ya miaka 10 ni maisha, na kumlawiti mtoto ni maisha.

Nenda na mtu, usiende peke yako. Omba RB, ile kumbukumbu ya kesi yako polisi, uandike namba yake. Mawakili wa msaada wapo, TAWLA, WLAC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Kenya kuna FIDA. Waone kabla hujaandika jina la mtu mtandaoni, maana unaweza kujikuta unashtakiwa wewe kwa kumchafua au kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Najua hasira inavyowaka saa nane usiku na simu iko mkononi. Andika, usitume.

Mimi nilifungua faili nina miaka 31. Yeye aliposikia akahama, mpaka leo hajapatikana. Sijuti. Jina lake lipo kwenye kitabu cha serikali na mimi ndiye niliyeliweka.

Ukiamua kutokwenda polisi kabisa, hilo nalo ni lako, mradi hakuna mtoto yuko chini yake.

Hatua ya 8: Kuwaambia familia, au kutowaambia

Kabla ya kuwakabili jiulize unataka nini, na kama hukipati utalala wapi. Ukiwa unaishi kwao au wanalipa ada yako, subiri uwe na chumba chako. Usikubali kikao cha ghafla, kikao cha ukoo mara nyingi kina hukumu tayari, faini ya mbuzi na "yameisha". Barua inafaa zaidi, au mtu mmoja mmoja.

Tegemea haya: atakuambia hakumbuki, atakuambia unataka kumuua baba yako na presha, atauliza nani amekutuma, atasema mbona mdogo wako hajalalamika. Jibu langu lilikuwa moja, nililikariri: "Sijaja kuomba ruhusa ya kukumbuka. Nimekuja kukujulisha kwamba sitanyamaza tena." Nikaondoka kabla ya chakula. Mama hakunipigia miezi saba. Kisha siku moja akanitumia picha ya bibi akiwa kijana, bila neno. Sijui inamaanisha nini, nimeitunza.

Hatua ya 9: Imani

Kuna wanaoacha kabisa, kuna wanaohama kanisa, kuna wanaobaki. Hakuna aliyekosea kati yao. Mimi nimebaki na Mungu, jengo nimebadilisha, na nilikaa mwaka mzima naimba tu bila kufumba macho.

Msamaha: ukitoka wenyewe siku moja, sawa. Ila kusamehe hakufuti jinai, wala hakumrudishi mtu mezani kwako au karibu na wanao. Kwa waislamu, Qurani sura ya An-Nisaa aya ya 135 inaamrisha kusimamia haki na kutoa ushahidi hata dhidi ya wazazi na jamaa wa karibu, kwahiyo ustadhi akikuambia unavunja undugu mkumbushe hiyo. Kwa wakatoliki, toka 2019 Papa Fransisko aliweka utaratibu unaowalazimu mapadri na watawa kutoa taarifa kwa wakubwa wao, na hairuhusiwi kumfunga mdomo anayeripoti. Peleka kwa maandishi, baki na nakala yenye tarehe, na polisi nenda vilevile. Kanisa la mchungaji mmoja asiye na wa juu yake, hapo hakuna ofisi ya kulalamikia, ni polisi tu.

Hatua ya 10: Misiba, harusi na Krismasi

Hapa ndio wengi tunaangukia, maana huwezi kukwepa msiba wa bibi yako.

Uliza kabla, nani atakuwepo. Lala lodge, hata ya bei ndogo, usilale nyumba ile. Nenda na mtu anayejua, mkubaliane ishara, mimi yangu ni kuomba maji ya moto. Mtu aliyekuharibu hakudai shikamoo, ukiingia salimia wote kwa pamoja, "habari za hapa jamani", pitiliza jikoni kwa wamama. Ukinyooshewa mkono shika sinia, shika mtoto, shika chochote. Mtoto wako akikataa kumkumbatia mtu usimlazimishe mbele za watu, hata wakisema hana adabu.

Michango: kwenye grupu la WhatsApp la ukoo watakuja na orodha, fulani anaumwa, kila mtu elfu hamsini. Kama fulani ni yeye, hudaiwi. Usieleze, usibishane pale, nyamaza au toka kwenye grupu, atakayekufuata inbox mwambie sitachanga basi.

Na nauli ya kurudi iweke mbali na pochi, ndani ya kiatu au kwenye simu nyingine, ili saa yoyote mwili ukisema tuondoke, muondoke.